Kuandaa Jimny kwa Makorongo ya Natron

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wenye Suzuki Jimny hapa Arusha ni hili: niweke springi za inchi ngapi? Nami huuliza kwanza matairi yana hali gani, na beringi za kingipini zilibadilishwa lini. Springi ndefu zinapendeza machoni, lakini haziko hata katika mambo matatu ya mwanzo yanayolifikisha gari hili Engaresero na kulirudisha salama.

Jimny yangu ni JB43, yenye injini ya M13A ya cc 1,328 na gia za mkono. Ililetwa kutoka Japani ikiwa imetumika. Kule jina lake ni Jimny Sierra. Njia ninazopita ni zile za kaskazini: Mto wa Mbu hadi Engaruka na Engaresero chini ya Ol Doinyo Lengai, Longido hadi Ketumbeine, na njia za ng'ombe upande wa Gelai. Huko unakutana na mchanga wa makorongo, mawe ya volkano yenye ncha, vumbi laini la majivu na miiba ya migunga. Mvua ikinyesha, unakutana na udongo mweusi. Mengi ya nitakayoeleza yanafaa pia kwa JB23 ya cc 660.

Kabla ya kubadilisha chochote, jua una gari la namna gani. Jimny ina fremu ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za koili, na transfa yenye gia nzito inayopunguza mwendo karibu mara mbili. Hayo yote yapo pia kwenye magari makubwa. Yake peke yake ni uzito: tani moja na ziada kidogo. Suzuki walianza mwaka 1970 na LJ10 ya cc 359, wakiwa wamenunua ubunifu wa kampuni ndogo iliyoitwa Hope, na tangu wakati huo hawajaiacha fikra ya gari jepesi. Aprili 2007, Gonzalo Bravo na Eduardo Canales wa Chile walipanda mlima Ojos del Salado hadi mita 6,688 kwa Suzuki Samurai iliyoandaliwa. Hiyo ni karibu mita 800 juu ya kilele cha Uhuru. Gari jepesi halihitaji nguvu nyingi kujivuta, halizami haraka, na likikwama watu wanne wanalisukuma likatoka. Kwa hiyo kila kitu ninachofikiria kukifunga kwenye gari langu nakipima kwanza kwa kilo.

Fedha ya kwanza iende kwenye afya ya gari. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haionekani kwenye picha. Jimny iliyotembea miaka mingi ina ugonjwa unaofahamika: ukifika kilomita 60 hadi 80 kwa saa, ukapita shimo dogo, usukani unaanza kutetemeka kwa nguvu na hautulii mpaka ukaribie kusimama. Mafundi wengine wanafunga shokapu mpya ya usukani, mtetemo unapungua kwa miezi michache, kisha unarudi na nguvu zaidi. Chanzo mara nyingi ni beringi za kingipini, bushi za fimbo inayoshikilia ekseli isiyumbe kando, au bushi za mikono inayounganisha ekseli na fremu.

Kupima ni rahisi. Inua gurudumu la mbele kwa jeki na uweke stendi imara chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki vilevile, ni kingipini. Ukikuta grisi iliyochanganyika na mafuta imetapakaa upande wa ndani wa tairi, oili sili ya ekseli imechoka pia, basi fungua mara moja ubadilishe vyote pamoja. Hiyo ni kazi ya siku nzima kwa fundi anayeijua, na itabadilisha gari lako kuliko springi yoyote.

Jambo la pili la afya ni habu za mbele. Kwenye JB43, habu zinashika kwa mvuto wa hewa unaopitia mipira myembamba hadi kwenye magurudumu. Mipira ikizeeka inapasuka, hewa inapenya, na wewe unabonyeza kitufe cha foo wili ukiamini magurudumu manne yanavuta kumbe ni mawili. Usisubiri kugundua hilo katikati ya korongo. Lisimamishe gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye magurudumu ya nyuma, injini iwe inanguruma na gia ziwe huru. Bonyeza foo wili. Inua gurudumu moja la mbele na ujaribu kulizungusha kwa mkono. Likigoma, habu imeshika. Likizunguka bure, angalau habu moja haijashika. Rudia upande wa pili. Mipira ya silikoni ni ya bei ndogo na inadumu. Mimi niliendelea mbele nikafunga habu za kuzungusha kwa mkono. Ni lazima ushuke kuzifunga na kuzifungua, lakini ukishazigeuza unajua kwa hakika kwamba zimeshika.

La tatu ni hosi za kupumulia za difu. Difu ikipata joto barabarani kisha ikaingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kuvuta. Hosi ikiwa imeziba au imekatika, maji yanaingia kupitia oili sili. Ukifungua mafuta ukakuta yamepauka na kuwa meupe, maji yameshaingia. Hosi mpya ndefu inayopanda hadi sehemu ya juu ndani ya chumba cha injini inamaliza jambo hilo kwa gharama ndogo sana.

Sasa matairi. Hapa naomba utulivu wa msomaji, maana ndipo hoja yote ya springi inapojibiwa. Gari lenye ekseli nzima lina difu inayoning'inia katikati ya magurudumu. Ukiweka springi ndefu, bodi inapanda, fremu inapanda, lakini difu inabaki palepale. Jiwe lililokuwa linagonga difu jana litaigonga kesho. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi.

Tufanye hesabu. Tairi la asili la JB43 ni 205/70R15, kipenyo chake ni kama milimita 668. Tairi la 215/75R15 lina kipenyo cha milimita 703 hivi. Tofauti ni milimita 35, na kwa kuwa nusu yake ndiyo iliyo chini ya ekseli, difu inapanda milimita 17. Ni kidogo kwa kusikia, ila kwenye njia ya mawe utaiona. Ukienda hadi 235/75R15, difu inapanda zaidi ya milimita 30, na hapo gharama zinaanza kujitokeza: tairi linagusa bampa na madigadi ukikata usukani, na gia zote zinakuwa ndefu kwa karibu asilimia 10. Injini ya cc 1,300 haina nguvu ya kutoa sadaka. Mlimani utajikuta unashuka gia pale ulipozoea kupita kwa gia ya tatu, na kwenye mawe gari litakwenda kasi kuliko unavyotaka hata kwenye gia nzito. Kwa hiyo nimebaki na 215/75R15. Spidomita nayo inadanganya kidogo: ikiandika 100 wewe uko 105. Kumbuka hilo unapopita penye tochi za trafiki.

Kuhusu aina, nimechagua matairi ya AT, yaani ya njia mchanganyiko. Ya MT yenye meno makubwa yanafaa kwa anayeishi na tope, tuseme Lushoto wakati wa masika, lakini ni mazito, yana kelele, na kwenye mchanga meno yanachimba badala ya kuelea. Angalia zaidi mbavu za tairi. Mwiba wa mgunga hauchagui. Unaingia ubavuni ambako pancha haizibiki vizuri. Chukua tairi lenye mbavu imara, ubebe vifaa vya kuziba pancha, na tairi la akiba liwe la saizi ileile ya mengine manne.

Kuna badiliko moja ambalo halihitaji kununua kitu chochote cha kufunga: kupunguza upepo. Kwenye mchanga wa korongo nashusha hadi paundi 15. Tairi linalala, alama yake ardhini inakuwa ndefu, na gari linaelea juu ya mchanga. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, paundi 20 zinatosha kupunguza mtikisiko unaolegeza kila nati ya gari na kuchosha mgongo. Gari jepesi linaruhusu kushuka hivi bila tairi kuumia, mradi uende polepole na usikate kona kwa ghafla, maana tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye lami, jaza kwanza ndipo uongeze mwendo. Tairi laini likikimbizwa kwenye lami linapata moto na kupasuka. Pampu ya umeme ya kuchomeka kwenye betri na kipimo cha upepo unachokiamini vinatangulia kununuliwa kabla ya taa, stika na springi.

Baada ya matairi, kinga ya chini. Lala chini ya Jimny uangalie. Fimbo za usukani zimepita mbele ya ekseli bila kizuizi chochote, transfa inaning'inia katikati, na mabano ya chini ya shokapu yametokeza chini ya ekseli. Fimbo ya usukani ikipinda, magurudumu yanaangalia pande mbili na safari imeishia hapo. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kinga ya chuma cha milimita 4. Mwombe aache matundu ya kutolea matope na ya kufikia bolti za kumwaga mafuta, na kinga ifungwe kwa bolti kwenye fremu badala ya kuchomelewa, ili fundi wa kesho aweze kuifungua. Kinga ya usukani na ya transfa zinatosha. Ukifunika gari lote kwa chuma, umeongeza uzito wa mtu mzima chini ya gari.

Bampa la mbele nimelikata. Ni plastiki, msumeno unapita bila shida, na pembe zake za chini ndizo zinazogota kwenye ukingo wa korongo unapotaka kupanda. Nimeondoa pembe hizo, nikaacha taa na kibao cha namba mahali pake, nikafunika kingo kwa mpira. Gari limekuwa jepesi zaidi na linapanda kingo ambazo mwanzo lilikuwa linazikwaruza. Mabampa ya chuma yanayouzwa yana sura nzuri, lakini yanaweka makumi ya kilo mbele kabisa ya ekseli, mahali pabaya kuliko pote.

Ndipo tufike kwenye springi. Nimeinua milimita 50 na siendi zaidi. Faida yake ni nafasi ya tairi kubwa kupanda na kushuka bila kugusa bodi, na tumbo la gari kutokuburuza kwenye matuta ya katikati ya njia. Hasara nazo ni za kweli. Jimny ni nyembamba, na kila unachoinua kinasogeza uzito juu. Kwenye mteremko wa kando utaisikia inaegemea. Pia springi ndefu zinaizungusha ekseli ya mbele, pembe ya kasta inapungua, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga barabarani. Dawa yake ni bushi za kasta, zile ambazo tundu lake halipo katikati. Ekseli nayo inasogea kando kidogo kwa sababu ya ile fimbo inayoishikilia, kwa hiyo fimbo inayorekebishika urefu inasaidia kuirudisha katikati. Hosi za breki zikaguliwe ekseli ikiwa imening'inia kabisa: zikivutika, weka ndefu, bila mjadala. Nunua springi zilizokokotolewa kwa uzito wa gari lako. Springi ngumu ya kubeba bampa la chuma na winchi, ikifungwa kwenye gari tupu, inarukaruka na tairi linaacha ardhi, na tairi lililo hewani halivuti. Ukimaliza, peleka gari likapimwe alaimenti, na umweleze wakala wako wa bima ulichobadilisha.

Ukiona fundi anataka kuinua kwa kuweka spesa za mbao au vipande vya bomba juu ya springi za zamani, msalimie kwa heshima uondoke.

Kujinasua ni sehemu ya maandalizi, na ndiyo sehemu inayoweza kuua. Zile pete ndogo zilizochomelewa chini ya magari yanayotoka Japani ziliwekwa kwa ajili ya kufungia gari melini. Hazikuwekwa kwa ajili ya kuvutwa kwa nguvu. Weka ndoano halisi, zilizofungwa kwenye fremu kwa bolti za daraja la juu, moja mbele na moja nyuma. Usivute kamwe kwa mpira wa chuma wa kufungia trela. Ukikatika, unaruka na kupita kwenye kioo. Mnyororo vilevile ni hatari. Niliona mmoja ukikatika kwenye korongo karibu na Engaruka, kipande kikatoboa mlango wa gari lililokuwa linavuta. Watu walikuwa wamesimama pembeni, mbali, kwa sababu dereva mmoja mzee alikuwa amewafokea: "Vijana, sogeeni huko, mnyororo hauna undugu!" Mkanda unaonyumbulika, shekeli zenye kipimo kilichoandikwa, blanketi zito la kutupia juu ya mkanda na koleo la mpini mfupi vinatosha kwa gari la tani moja.

Winchi ya umeme sina. Ni kama kilo 30 puani mwa gari, na inahitaji betri nzuri na bampa la kuibeba. Nabeba winchi ya mkono ya wenzo. Inachosha, lakini inaweza kuvuta gari kwenda nyuma pia, na mara nyingi njia salama ya kutoka mahali ulipokwama ni ileile uliyoingilia. Loki ya difu pia sijafunga, ingawa sikatai faida yake. Gurudumu moja la nyuma likizunguka bure, navuta breki ya mkono vidato viwili au vitatu huku nikikanyaga mafuta taratibu. Breki inalizuia gurudumu linalozunguka, na nguvu inahamia kwa lile lililoshika ardhi. Jizoeze hilo kwenye uwanja kabla ya kulihitaji.

Keria la paa nimelikataa moja kwa moja. Lenyewe ni zito, na likiwepo litajazwa. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, na paani ni mahali pabaya kuyabeba kwenye gari lenye upana huu. Tangi la JB43 linabeba lita 40. Kutoka Mto wa Mbu hadi Engaresero ni kilomita 120 hivi, na gia nzito inakula mafuta kuliko lami. Mimi najaza tangi Mto wa Mbu na kubeba dumu moja la chuma, limefungwa chini nyuma ya viti vya mbele, na maji upande wa pili. Kiti cha nyuma kikitoka, kuna nafasi ya kutosha ya watu wawili kwa siku tatu.

Wapo wanaotamani magari ya Rhino Charge ya Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, ambako ushindi unatokana na kukata njia fupi kuliko wote badala ya mwendo kasi. Nayapenda sana. Lakini magari yale yamejengwa upya kwa kazi moja. La kwako Jumatatu linapeleka watoto shule.

Ukiwa njiani, shuka utembee. Kila korongo nalipita kwanza kwa miguu: naangalia mchanga una kina gani, ukingo wa kutokea una mwinuko gani, na wapi magari mengine yamepita. Foo wili nafunga kabla ya kuingia, sisubiri nikwame, na nikirudi kwenye lami naifungua, kwa sababu Jimny haina difu ya katikati na gia zitajikaza zenyewe. Udongo mweusi ukilowa, tairi la aina yoyote linavaa tope kama andazi linavyovaa sukari, na hapo hakuna kifaa cha kununua. Simama, chemsha chai, ngoja jua. Na wingu likiwa zito juu ya nyanda za Ngorongoro wakati wewe uko chini ya bonde la ufa, usiegeshe ndani ya korongo hata kama mchanga ni mkavu. Maji yanatoka mbali na hayapigi hodi.

Ukirudi mjini, osha chini ya gari kwa maji mengi siku hiyohiyo. Magadi ya Ziwa Natron yanakula chuma na nyaya. Kaza upya nati za magurudumu, bolti za kinga na za mikono ya ekseli, piga vumbi kwenye kichujio cha hewa, na tazama kama mafuta ya difu bado ni safi.

Ombi langu la mwisho ni kuhusu ziwa lenyewe. Gari lako likishakuwa zuri, utashawishika kuteremka hadi kwenye uwanda wa magadi, ule mweupe unaoonekana mgumu. Usifanye hivyo. Chini ya gamba kuna tope linalomeza gari zima, na alama za matairi hubaki pale muda mrefu. Natron ni eneo la Ramsar tangu 2001, na ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakozalia. Lipa ada za kijiji, chukua kijana wa Engaresero akuongoze, egesha penye nyasi na umalizie kwa miguu.